Jina la Kumpelekea Padri

Mwaka ule majina ya ubatizo ya Kizungu yalipokatazwa na serikali, nilipanda kamyoneti, gari dogo la mizigo na abiria, kutoka Kamanyola kwenda mjini, nikaketi nyuma ya mjane na kijana mwalimu wa historia. Mjane alishika kigae cha chungu. Walipochimba kaburi la mume wake, alieleza, jembe lilipiga mifupa na vyungu vya zamani sana.

“Nataka misa yao, sababu tulibasumbua. Lakini padri anauliza majina. Weye uko mwalimu. Balikuwa nani?”

“Maman, habakuacha maandiko. Tunajua tu balifua chuma na kulima. Ona hiki kishimo chini ya chungu, kama alama ya kidole. Bataalamu banabaita batu ya vyungu vya kishimo.”

“Ati nini? Munaita bazee ya batu kwa matako ya chungu?”

Gari zima lilicheka, hata mimi niliyesoma shule ya usiku na ninayejua kwamba historia haina vichekesho vingi.

“Hakuna jina ingine, maman.”

“Hata moja? Hata ya mutoto?”

“Hata luga yao hatujui.”

Nilitaka kumsaidia mwalimu. Nikapekua kichwani yote niliyojifunza, nikakuta wafalme na vita vyao tu.

“Mimi serikali ilinikatalia jina ya Clémence, nikabaki Nabintu, jina ya bazee,” mjane alisema. “Bale, habakubakia na kitu?”

Gari liliposimama mjini, kituo cha Nyawera, mwalimu akanyanyuka. “Umuambie padri misa ni ya batu ya zamani, basi.”

Mjane alimshika mkono wa koti lake la abakosti. “Mwalimu, bwana yangu nimemulalisha katikati yao. Akihitaji kitu kule chini, atabaita nani?”