Kura ya Tatu ya Queen

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mimi ni Elibariki, hapa Houston, na leo tunamkumbuka Mwalimu Wacuka. Narudia jina kwa wale mnaowasha redio garini sasa hivi: Mwalimu Wacuka wa Alief. Alifariki mwezi uliopita, mwaka huu wa 2009, baada ya kuugua figo. Ameacha mume, Bwana Dedan, na binti mmoja, Queen.

Huyu ndiye mama aliyewafundisha watoto wetu mambo ya uchaguzi na kupiga kura. Kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa. Watoto wa Wakenya, wa Watanzania, wa Wakongo. Mimi nilikuwa dereva wa gari la kanisa. Nilizunguka Alief, nikashuka hadi Stafford, nikawakusanya watoto, nikawafunga mikanda, nikavumilia kelele zao. Tukifika, mlango haujafunguka vizuri, wote mbio kwa Mwalimu. Dereva hata asante hapewi. Wasikilizaji wapendwa, nilimwonea wivu yule mama. Na hata sasa amelala kaburini, wivu wangu bado ninao.

Lakini wangu ni mdogo. Subirini wa binti yake.

Kwanza tuanze Kenya. Mwalimu Wacuka alikuwa anafundisha shule ya msingi huko Murang'a. Mwaka 1988 kura za mchujo zilipigwa kwa mlolongo. Kwa vijana msiojua: hakukuwa na karatasi wala sanduku. Ulisimama kwenye mstari, nyuma ya mgombea wako, mchana kweupe, na dunia nzima ikakuona. Wacuka akasimama kwenye mstari wake. Dada yake mkubwa alikuwa kwenye mstari wa pili. Wakaonana. Tangu siku ile dada yake hakumsemesha tena. Wacuka akahamia Marekani, akafika Dallas, akaja Houston, na simu ya dada haikulia.

Shikeni hilo, kwa sababu ndilo alilokuja kuwafundisha watoto wetu.

Sasa tunafika mwaka 2000, mwezi wa kumi. Marekani nzima inazungumzia uchaguzi. Mwalimu akawaambia watoto, na sisi tutachagua. Wakauliza, tutachagua nini? Akafikiri, akawapa kitu ambacho wangekipigania kweli: kiti cha mbele cha gari la kanisa. Mshindi atakaa mbele, kando ya dereva, mwaka mzima, na yeye ndiye atakayechagua muziki. Ninyi mnaoishi Texas mnajua maisha yetu yote yako garini. Kiti kile kilikuwa na ugomvi kila Jumamosi.

Wagombea wakawa wawili. Wa kwanza, Queen, binti wa Mwalimu mwenyewe, miaka kumi. Wa pili, Jordan, mtoto wa Mzee Wilondja, familia ya Kikongo iliyokuwa na miezi michache tu hapa mjini.

Mwalimu akasema, tunaanza na mlolongo. Simameni nyuma ya mnayemtaka. Watoto wakamtazama Mwalimu. Wakamtazama binti wa Mwalimu. Wakajipanga wote nyuma ya Queen, mstari ukafika jikoni. Jordan akabaki peke yake, anatazama viatu vyake. Queen alikuwa anacheka hadi magego yanaonekana.

Mwalimu akachukua kopo kubwa la aiskrimu, lile ambalo majumbani kwetu huwekewa maharage, akatoboa kifuniko. Akagawa karatasi kwa kila mtu aliyekuwa ukumbini. Akajipa na yeye moja. Mimi akaninyima! Eti dereva hapigi kura, kwa sababu kiti kinachogombewa kiko kando yake. Nikakaa pembeni nimenuna, nikiwatazama wenzangu wakikunja karatasi.

Kura zikahesabiwa kwa sauti. Jordan, Jordan, Queen, Jordan, Jordan. Wasikilizaji wapendwa, Jordan alishinda kwa mbali. Queen alipata kura tatu. Narudia: Queen alipata kura tatu tu, watoto walewale, dakika chache baada ya mstari uliofika jikoni. Mwalimu akawauliza watoto, mmeona tofauti? Wakaona. Queen naye aliona, akalia kwa kwikwi.

Nimezungumza na Queen wiki hii. Sasa ni mtu mzima, anasomea unesi. Aliniambia hivi:

"Uncle, I was so jealous. Nilikuwa nime-win tayari! Kwa nini mama alirudia? Nilijua kura moja ni yangu. Ya pili ni ya Tania, rafiki yangu, alinionyesha karatasi. Ile ya tatu ndiyo nilitaka kujua. Kama ni ya mama, basi sawa, nime-lose lakini mama ananipenda. Kama si ya mama, basi alimchagua Jordan, akaniacha mimi. Nikamuuliza kwa gari tukienda nyumbani. Akaniambia, kura ni siri."

Kura ni siri. Mtoto wa miaka kumi afanye nini na jibu hilo? Mwaka mzima akakaa kiti cha nyuma, akiitazama shingo ya Jordan. Mimi nilimwona kwenye kioo. Jordan akipewa kipande cha keki, Queen anahesabu ukubwa wake kwa macho. Mwalimu akimsifu Jordan kwa Kiswahili chake, Queen anajibu Kiingereza wiki nzima, makusudi.

Na wivu katika nyumba ile haukuwa wa Queen peke yake. Msikilizeni Bwana Dedan, mumewe:

"Mimi nilikuwa na-drive lori wiki mzima, mpaka California na kurudi. Nikifika Saturday nataka kukaa na bibi yangu. Naambiwa ako na watoto wa wenyewe, anawafunza ku-vote. Siku moja nilileta lori mpaka kwa parking ya kanisa, nikapiga honi mpaka akatoka. Unajua alinifanyia nini? Alinipea karatasi, akasema ingia ndani upige kura kama wengine. Na huyo mama, aliniambia kila kitu cha maisha yake, lakini hakuwahi kuniambia amepigia nani. Mimi, bwana yake! Wacha nikwambie, nilikuwa naonea hilo kopo wivu."

Miaka ikapita. Mwaka 2008 Mwalimu akaapishwa kuwa raia. Mwaka huohuo Queen akafikisha miaka kumi na minane. Mama na binti wakapiga kura yao ya kwanza ya Marekani siku moja, katika shule moja hapa Alief. Walipotoka, Queen akauliza, mama, umempigia nani? Mwalimu akacheka tu, akatafuta funguo za gari.

Halafu figo. Queen alimuuguza mwenyewe. Na siku za mwisho akarudia swali lake, lile la mwaka 2000. Alikuwa na haki ya kuuliza, mimi ndivyo ninavyoona. Alisema, mama, niambie tu. Ile ya tatu ilikuwa yako?

Mwalimu alimshika mkono. Akasema, "Nikikwambia, nitakuwa nimekurudisha kwenye mlolongo. Mimi dada yangu nilimpotezea pale."

Alifariki siku chache baadaye.

Sasa sikilizeni vituko vya mazishini, baada ya Queen kusimulia swali lake mbele ya waombolezaji. Jordan, kijana mrefu siku hizi, akamvuta Queen kando. "Queen, ile kura ya tatu ni miye. Niliona haya kujipigia miye mwenyewe." Queen hajakaa sawa, Mama Prudensia, aliyekuwa akiwapikia watoto pilau, akamkumbatia na kumnong'oneza: "Mwanangu, ile ya tatu ilikuwa yangu." Jioni kijana mwingine wa darasa lile, aliyehamia Dallas, akapiga simu kutoa pole, na yeye akadai ni yake. Kura moja, wenyewe watatu! Queen aliniambia alitamani kuwafukuza wote. Kila mmoja alikuwa anamnyang'anya mama yake.

Jumamosi iliyopita darasa lilifunguliwa tena. Mwalimu alikuwa Queen. Kopo ni lilelile, kiti ni kilekile. Safari hii mmoja wa wagombea ni Zoé, mdogo wake Jordan, mtoto anayemganda Queen kama kupe. Queen alijipa karatasi, akaikunja. Mimi nikanyimwa kama kawaida. Zoé akashindwa.

Tukaingia garini. Zoé akiwa kiti cha nyuma, macho yamejaa, akauliza: "Auntie Queen, uli-vote for me?"

Queen akafungua mdomo. Nilimwona kwenye kioo. Akaufunga. Halafu akasema, "Kura ni siri, Zoé."

Mtoto akageukia dirishani, akakataa hata kushikwa mkono. Tulipomshusha kwao, mshindi naye akiwa ameshashuka, Queen akahamia mbele kando yangu, kile kiti alichokililia. Alilia njia nzima hadi Stafford. Akasema, "Uncle, kumbe kunyamaza kunauma hivi."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bwana Dedan na kwa Queen, poleni sana. Sisi wa redio hii tunalia pamoja nanyi. Na wewe uliye safarini, ukifika nyumbani leo, mtazame yule unayempenda ambaye amesimama mstari tofauti na wako, na umsalimie. Kama humsemeshi, mpigie simu.

Na ombi langu la mwisho. Kama kuna mwingine anayetaka kusema kura ya tatu ilikuwa yake, nakuomba usipige simu hapa studio. Mwache Queen na mama yake.