Glasi Niliyomnyang'anya Mzee Mbele ya Wakwe

Je, mzee aliniomba nini, na mimi nilimjibu nini? Ndugu zangu, swali hilo liliniondolea usingizi usiku mzima. Bwana asifiwe, hata na sisi tuliochoka!

Nilisomea kemia, kisha nikakaa nyumbani nikiogopa hata kupeleka barua ya kuomba kazi. Mwishowe nikapata kazi Buterere, katika kiwanda kidogo cha wiski ya njia ya zamani: shayiri iliyooteshwa, chungu cha shaba, mapipa ya mbao. Najua wengine hapa hamuipendi kazi hiyo. Mimi pia nimeiwaza mpaka kichwa kikauma.

Chungu kikichemka, maji yanayotoka kwanza ni makali, ni sumu. Tunayatenga kwenye bidoni, dumu la plastiki, ni ya kuoshea vyombo tu. Mzee Salvatori, anayetia kuni motoni, aliona kila siku tunatenga ya kwanza. Akaamini ndiyo mazuri, yanafichwa kwa ajili ya wakubwa!

Alhamisi moja akaniomba jambo. Nilikuwa napima ukali wa wiski kwa mara ya nne, nikiwaza kama kipimo changu ni kizima. Nikasema, "Ndiyo, ndiyo, mzee."

"We mutoto wa shule unawaza sana," akacheka, "utazeeka mbele yangu!"

Ijumaa bidoni haikuwepo. Nikakumbuka mzee aliniomba kitu jana, nami sikumsikiliza; nikaogopa kumuuliza. Je, akidhani namwita mwizi? Nikarudi kwenye vipimo vyangu.

Jumamosi alipeleka mahari ya kijana wake huko Kibenga, nasi wa kazini tulimsindikiza. Nikaiona bidoni imefungwa utepe mweupe! Mnajua desturi yetu: mleta kinywaji huonja wa kwanza, wakwe waone ni salama. Mzee akainua glasi.

"Hii si ya mutaani! Hii ni ya bakubwa!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nawaza: na kama nimekosea? Kama ni bidoni nyingine? Nikivunja ndoa ya watu? Ndugu zangu, mawazo yangu hayajawahi kuniokoa hata siku moja. Nikasema moyoni, "Yesu, nimechoka kuogopa." Nikajikuta nimeinuka. Nikamnyang'anya mzee glasi, mbele ya wakwe zake!

"Ni sumu," nikasema. "Mzee aliniomba hii, nikamkubalia bila kumsikiliza. Kosa ni langu."

"Apana! Huyu ana wazimu!" mzee akapiga kelele.

Baba mkubwa wa bibi harusi akanusa glasi, akageuza uso, machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Basi batuletee bia ya kawaida. Hatujachoka kuishi."

Watu wakacheka, mahari ikapokelewa. Hakuna aliyekunywa hata tone. Asante Yesu!

Lakini sitawadanganya. Mzee hakunisalimia majuma matatu. Nimemwaibisha, na woga wangu bado unabisha hodi kila asubuhi. Nawe unayesubiri uwe na hakika ndipo ufungue mdomo, mtegemee Bwana ukiwa bado unatetemeka. Atakushika hivyo hivyo.

Majuma hayo yote nilikuwa napanga maneno ya kumwomba mzee msamaha, nayaandika, nayafuta. Jana niliiacha karatasi mezani, nikaenda kwake, nikagonga mlango.