Fundi Baridi na Friza ya Watu

Ndugu, majirani, na nyote mliowahi kusimama kwenye foleni ya dirisha lake, naomba tutulie. Wasio na viti wavumilie, sitawachosha. Mimi ni shemeji yake marehemu, dada mkubwa wa mke wake. Nimetumwa kusoma wasifu huu, na aliyenituma ni marehemu mwenyewe. Sababu yake nitaifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda hicho, na mama yake mkunga. Waliomjua utotoni wanasema alikuwa mpole sana, ila usimwachie karibu kitu chenye skrubu.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 akamaliza mwaka 1971. Darasani alikuwa wa katikati, hashiki mkia wala hasumbui walio mbele. Akiwa darasa la sita aliifungua redio ya mwalimu mkuu bila kuombwa, akaifunga tena, ikabaki skrubu moja mkononi. Redio ikasikika vizuri kuliko mwanzo. Mwalimu mkuu alimchapa kwanza, ndipo akamshukuru. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha ufundi, na tarehe 2 Desemba 1977 akatunukiwa cheti cha ufundi wa majokofu. Cheti hicho kilitundikwa sebuleni kwake kikiwa kimepinda, na ole wako ukinyoosha mkono kukirekebisha.

Alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika ghala la baridi la kuhifadhi nyama. Ghala lilipofungwa Juni 1989, alikodi chumba kimoja nyuma ya kibanda cha fundi viatu, akaanza kutengeneza friji na friza za watu. Hapo ndipo alipopewa jina la Fundi Baridi. Alikuwa na sheria moja: friza haitoki mikononi mwake mpaka iwashwe siku tatu mfululizo ikiwa imejaa. "Friza tupu humdanganya fundi," alikuwa akisema. "Ipe mzigo uone tabia yake." Mwanzoni aliijaza vifuko vya maji. Baadaye akaona maji matupu yanachosha, akatia sukari na ndimu. Watoto wa jirani wakaonja. Wiki iliyofuata akatia nanasi, watoto wakarudi na mama zao. Kufumba na kufumbua alikuwa na biashara ya barafu tamu, na hakuwa na friza hata moja ya kwake.

Hapa ndipo ninapoingia mimi. Tarehe 4 Februari 1991, mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa akiuza kuku wa kuchinjwa, alimpelekea friza yake mbovu. Akaambiwa wiki moja tu. Mafundi si mnawajua? Wiki ikaisha, njoo kesho. Kesho ikafika, kipuri bado. Jumamosi ya tarehe 2 Machi nikamwambia mdogo wangu, vaa viatu twende. Tukaikuta friza inanguruma utadhani haijawahi kuugua, imejaa barafu pomoni, na dirishani kuna foleni. Kumbe ilishapona tangu siku ya pili!

Mimi nilikuwa mwalimu, na sauti ninayo. Nikapaza: "Mwizi! Mwizi!"

Jamani, neno hilo mtaani halitamkwi kwa mchezo. Watu walitoka mbio kila upande, fundi viatu akiwa na nyundo mkononi. Siku ile angeweza kuumizwa vibaya. Lakini hakukimbia. Alifungua mfuniko, akamgeukia mdogo wangu.

"Dada, friza ni yako na vilivyomo ni vyako. Nimekosa. Nilitaka kukwambia nikashikwa na aibu."

Mdogo wangu akachukua barafu moja ya nanasi, nadhani alitaka kumpiga nayo. Akailamba. Akaimaliza, akachukua ya pili.

"Humu umetia nini?"

"Iliki kidogo."

"Wewe," nikamwambia mdogo wangu, "tumekuja kuchukua friza au kulamba barafu?"

Mdogo wangu akafuta vidole kwenye kanga. Alimpa fundi miezi miwili aitumie friza ile huku akitafuta ya kwake. "Ukizidisha hata siku moja," alimwonya, "namleta tena dada." Watu wakacheka, wakarudi makwao.

Ila neno langu lilibaki pale. Jioni ileile wateja wanne walikuja kuondoa friza zao, na mwaka mzima ukapita bila mtu kumletea hata pasi. Riziki ya ufundi ilikatika kwa sababu ya mdomo wangu. Ikabaki barafu, inayogandishwa katika friza ya kuazima. Basi akazunguka kwenye magofu na majalala, akaokota friza tatu zilizokufa. Akachukua sanduku la nje la moja, mashine ya nyingine na mfuniko wa ya tatu, akaunda moja iliyo hai. Tarehe 28 Aprili 1991, siku nne kabla ya ahadi, alimrudishia mdogo wangu friza yake juu ya mkokoteni, imesuguliwa kwa ndimu mpaka inang'aa. Fundi kuwahi! Mtaa mzima ulitoka kushuhudia.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1992. Nilihudhuria nikiwa nimenuna, picha zipo. Shangazi zetu walicheka siku nzima kwamba binti yao alikwenda kudai friza akarudi na mchumba. Mungu aliwajalia mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume. Biashara nayo ilikua polepole. Ilianza na baiskeli yenye sanduku lililozungushiwa vipande vya godoro, mdogo wangu akichemsha maziwa na mumewe akikanyaga pedali. Mwaka 1997 wakafungua duka lenye dirisha kubwa, na mwaka 2006 la pili. Ikaja aiskrimu ya embe, ya kahawa, na ile ya karanga ambayo wengine wenu mlikuwa mkiificha chini ya kanga ili msiwagawie watoto. Tuliwaona.

Kila Jumapili marehemu alimtuma mtu aniletee bakuli la aiskrimu, miaka yote ya ndoa yao. Na kila Jumapili bakuli lilikuja na salamu: "Shemeji anasema ule bila wasiwasi, si ya wizi." Nilicheka, nikala, nikaosha bakuli. Kumwomba radhi sikuwahi. Mwanzoni ilikuwa kiburi, baadaye nikaona muda umeshapita mno, na nilikuwa nampenda kiasi kwamba niliona aibu kuanza.

Agosti 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu. Akiwa wodini alimwambia muuguzi kwamba friji ya dawa ina mlio mbaya, Ijumaa haifiki. Muuguzi akaitikia kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Alhamisi friji ikazima. Ikabidi mgonjwa atoe maelekezo kitandani, dripu mkononi, na fundi wa hospitali akikimbia huku na huku. Mke wake anasema hakuwa amemwona na furaha kama ile tangu siku ya harusi.

Tarehe 29 Januari 2024 alituita mimi na mdogo wangu. "Wasifu wangu asome shemeji," akasema.

"Mimi? Kaka zako si wapo?"

"Wapo, lakini hawana sauti. Wewe ndiye uliyenitangaza mwanzo, basi malizia."

"Unataka niseme nini?"

"Sema unachokijua." Akacheka mpaka akakohoa.

Alifariki dunia tarehe 6 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka wawili, dada mmoja, wafanyakazi tisa, na shemeji mmoja mwenye jambo la kusema.

Nilijua nimekosea siku ileile, pale aliposema "nimekosa" mbele ya umati, nami nikashindwa kusema hivyo hivyo. Mtu huyu hakuwa mwizi. Alichelewesha friza kwa aibu, akairudisha kabla ya siku yake, na kwa miaka thelathini na mitatu sikuona mkono wake ukigusa cha mtu. Nilimsingizia, na nilimkatia riziki. Wale wateja wanne, kama mpo, jueni hivyo. Namwomba radhi yeye, mdogo wangu na watoto wao, na nimetaka maneno haya yachapwe ili mwende nayo nyumbani.

Walio nyuma, mmenisikia? Vizuri.

Lala kwa amani, shemeji. Jina lako ni safi.