Baiskeli Iliyovuliwa Karia

Aliyemletea habari alikuwa msusi wa chumba cha jirani, tena alikuja mbio, chanuo bado limechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. "Shoga, toka nje. Mumeo anaivua nguo baiskeli yenu pale kijiweni, na watu wanashangilia." Shemeji aliisimamisha pasi, akambeba mtoto kiunoni, akatoka. Shemeji ndivyo kijiwe kizima kinavyomwita, hata wenye umri wa babu yake, nasi tumwite hivyo hivyo. Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya ukuta wa duka la saruji na banda la fundi baiskeli. Ukikaa ovyo upande wa duka, utakwenda nyumbani na makalio meupe. Hapo ndipo wanapokutana kila jioni Bwana Hakika, muuza kufuli, ambaye kila asemalo ni hakika. Spoku, fundi baiskeli, mwembamba kama jina lake. Na muuza kahawa, ambaye hukaa zaidi ya anavyouza. Jioni hiyo katikati yao alisimama mume wa Shemeji, fundi rangi wa majumba, aliyejibatiza mwenyewe jina la Mteremko. Alikuwa amevaa kofia ngumu inayofunika mpaka kidevu, miwani mikubwa ya mpira, glavu, ngao za magoti na ngao ya mgongo, vyote vya mtumba, na alikuwa amesimama kama kobe aliyefundishwa kutembea kwa miguu miwili. Chini, juu ya gunia, ililala karia ya baiskeli, na kiti kidogo cha mtoto bado kimefungwa juu yake.

Shemeji alibaki kwenye pembe ya ukuta. Kile kiti ndicho kilichomtoa roho. Kesho yake asubuhi alikuwa anaanza kazi kwenye karakana ya kushona sare, kule bondeni, kazi aliyoiomba tangu mimba ikiwa changa. Mpango ulikuwa mmoja, na waliupanga wote wawili: yeye ateremke kazini, baba mtu ampakie mtoto kwenye kiti, ampandishe kwa bibi yake kilimani. Msimamizi alikwisha kusema kwamba lango likifungwa, nafasi anapewa mwingine. Shemeji alikuwa na maneno yake tayari mdomoni. Shida ilikuwa kuyatoa. Yeye ni mtu ambaye hata dukani husubiri muuzaji amuulize.

— Filamu hii nimeitazama mpaka simu imepata homa, Mteremko alikuwa akisema. Huyu bwana anateremka mlima mzima kwa baiskeli. Mmeona karia?

— Sikuona, alisema Spoku.

— Mmeona kengele?

— Ampigie nani huko?

— Madigadi je?

— Hakika hakuna, alisema Bwana Hakika. Mlima ni kama ukweni, hauendewi na mizigo.

— Ukweni si ndiko watu wanakwenda na mizigo? aliuliza muuza kahawa.

— Na umeshaona mtu akifika ukweni anaruka?

Muuza kahawa alifikiri, akakiri kwamba hajaona.

— Ndiyo hayo, alisema Mteremko kutoka ndani ya kofia, na sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye pipani. Kesho jua likichomoza nipo kule juu kwenye tangi la maji. Filamu zote za maana hupigwa jua likichomoza. Spoku ameshanifungia kishikio cha simu hapa utosini. Nitateremka, simu inapiga picha, dunia itajua.

Kesho jua likichomoza. Ndiyo saa ileile Shemeji anayotakiwa ateremke kazini. Alipiga hatua moja, akasema, "Samahani," lakini wapagazi wa duka walikuwa wakitupa mifuko ya saruji chini, na samahani yake ikazikwa humo humo na vumbi.

— Sasa mtazameni makalio, alisema Mteremko, akiinua simu.

Wakayatazama kwa heshima zote.

— Yako hewani! Mwanzo wa filamu, hewani. Katikati, hewani. Huyu mtu hajakaa hata mara moja. Siti ya nini?

— Labda amechomwa sindano, alisema muuza kahawa.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Bwana Hakika. Wahenga hawakusema akae. Wangetaka akae wangesema.

Spoku hakungoja wahenga waongeze neno. Alichukua spana, akalegeza, akavuta, na siti ikatoka kama jino. Aliiweka juu ya gunia kando ya karia. Baiskeli ikabaki na tundu pale ambapo mtu alizoea kukaa.

— Nzuri, alisema Mteremko, akiizunguka. Imepata umbo.

— Lakini, alisema muuza kahawa, bandu bandu huisha gogo.

— Kwa gogo, alisema Bwana Hakika. Hii ni chuma.

— Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Sasa hapo umejimaliza mwenyewe. Huyu kavaa ngao za magoti. Guu halivunjiki. La mkuu alisikie la kazi gani?

Kijiwe kililipuka kwa kicheko, na muuza kahawa, aliyeshindwa kwa haki, alimmiminia Bwana Hakika kikombe cha bure. Kisha vichwa vyote viliinamia simu tena, maana mtu wa filamu alikuwa ameruka jabali. Alikuwa akitua taratibu, taratibu, kama unyoya wa kuku. Hata matope ya tairi lake yalipaa tone moja moja, kana kwamba yanaombana ruhusa.

— Anachelewa kutua, alisema muuza kahawa.

— Ni wapiga picha hao, alisema Spoku kwa sauti ya chini. Wanapunguza mwendo wa picha.

— Mpiga picha ana mamlaka gani juu ya mtu aliye hewani? aliuliza Bwana Hakika. Hakika ni miwani. Rudisha nyuma kidogo. Unaona? Kabla ya kuruka anaishusha machoni. Akiishusha tu, dunia inakwenda polepole.

— Nilijua! alisema Mteremko. Mimi nikiivaa hii naona kila mtu anatembea taratibu.

— Hiyo ni mikwaruzo, alisema muuza kahawa. Humuoni mtu mpaka amekaribia.

— Mikwaruzo ndiyo inayoshika muda, alisema Bwana Hakika. Muda ukipita kwenye kitu laini unateleza. Ukipita kwenye mikwaruzo unakwama.



— Kwa hiyo, alisema Mteremko polepole, mtu mwenye miwani hii...

— Ana breki usoni.

— Na hizi za kwenye baiskeli?

— Uzito wa bure. Mwenda pole hajikwai. Nani anayekwenda pole kuliko mtu aliye hewani?

Spoku alisita safari hii. Ni fundi, breki kwake ni kama chumvi kwa mpishi. Lakini mkono uliozoea spana hausikilizi sana kichwa. Breki ya mbele ilitoka. Ya nyuma ilifuata. Shemeji aliwaona wakiziweka juu ya gunia, na mtoto, aliyedhani zinagawiwa, alinyoosha mkono.

"Baba mtoto," aliita. Aliita kwa sauti ile anayotumia mtoto akiwa amelala. Hakuna aliyegeuka.

— Lipo jambo moja linanikosesha usingizi, alisema muuza kahawa. Filamu zote ulizotuonyesha, watu wanateremka. Sijaona hata mmoja anayepanda. Kule juu wanafikaje?

— Hakika hawafiki, alisema Bwana Hakika. Wamezaliwa huko.

— Wote?

— Kijiji kizima. Kiko kileleni. Ukibalehe unapewa baiskeli, unasukumwa.

— Na kurudi?

— Umeshaona mmoja akiteremka mara mbili?

— Wamejifunika nyuso. Nitamjuaje?

— Ndiyo sababu ya kujifunika. Ili tusijue kwamba wanaisha.

Spoku alishika kifua. — Mungu wangu. Wamebaki wangapi kule juu?

— Wachache. Hujaona filamu za siku hizi zilivyo fupi?

— Na wake zao? aliuliza muuza kahawa, naye sasa ameshaingia ndani ya habari mzima mzima. Wake zao wanasemaje?

— Wake gani? Ulimwona mke? Ulimwona mkwe? Uliona hata shati lililopigwa pasi? Hakika mtu wa mlima hana mtu. Angekuwa na mtu angekuwa na karia.

— Mtu wa mlima hana mtu, alirudia Mteremko ndani ya pipa lake, na alilisema kwa utamu, kama mtu anayeonja jina jipya.

Hapo miguu ya Shemeji iliondoka bila kumuaga. Alijikuta amesimama mbele ya ubao, taa ya duka usoni, na macho yote juu yake.

— Aa, shemeji! Karibu, shemeji! alisema muuza kahawa, akisogea. Kaa upande huu, kule kuna saruji.

— Shemeji umefika wakati mzuri, alisema Spoku. Mumeo anakwenda kuwa filamu.

Hakukaa. Yale maneno aliyoyapanga yalikuwa marefu, yenye samahani mbili na salamu kwa kila mkubwa, lakini yote yalikimbia, na uliobaki ulikuwa mkia wake tu.

— Kesho asubuhi, alisema, mtoto atakaa wapi?

Waliitazama baiskeli. Ilikuwa na magurudumu mawili, vyuma vya katikati, usukani na cheni. Mteremko alivua miwani. Alimtazama mkewe, akamtazama mtoto, akaitazama karia juu ya gunia, na usoni mwake ilionekana wazi saa ileile alipoikumbuka karakana.

— Mtoto, alisema. Mtoto si... mtoto...

Spoku alinyoosha kidole kwenye lile bomba la juu la baiskeli, akalipima kwa macho, akakirudisha kidole mfukoni.

— Hakika, alisema Bwana Hakika. Na hakika yake ikaishia hapo.

Kwenye simu, yule bwana asiye na mtu aliendelea kuteremka peke yake, hakuna anayemtazama.

— Ifunge tena, Spoku, alisema Mteremko hatimaye.

— Ningefunga sasa hivi, shemeji, alisema Spoku, akimjibu mke badala ya mume. Lakini nati za karia ndizo nilizofungia kishikio cha simu utosini kwa huyu. Nimezikaza mpaka zimeliwa meno. Nyingine za kipimo hicho sina, mpaka keshokutwa.

Muuza kahawa aliliinamisha birika juu ya kikombe kisicho na mwenyewe.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Kahawa ilisikika ikicheza ndani ya birika, lakini hakuna aliyebisha. Waliinuka mmoja mmoja, wakipangusana saruji migongoni, kila mtu akiwa na haraka aliyoikumbuka ghafla.

Asubuhi yake Shemeji aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Alimwogesha mtoto, akavaa gauni alilolipiga pasi, akafunga chupa ya uji kwenye kitambaa. Mumewe alikuwa mlangoni, amevaa vifaa vyake vyote, maana hakujua kingine cha kufanya asubuhi hiyo. Alikuwa ameanza kusema kwamba angemtafuta jirani mwenye baiskeli, au angemuomba msusi, au pengine karakana ingeelewa.

Shemeji hakubishana naye. Alimshika mabega, akamgeuza, uso ukatazama ukuta. "Inama," alisema. Akainama. Akampandisha mtoto mgongoni, juu kabisa ya ile ngao, akapitisha mbeleko chini ya makwapa ya baba mtu, akaizungusha, akakaza fundo kifuani, akalivuta mara mbili kama anavyojaribu mshono. Mtoto alizikamata pande mbili za kofia ngumu, akaanza kuipiga ngoma.

— Watu wataniona, alisema Mteremko.

— Shusha miwani, alisema Shemeji.

Akamtia chupa ya uji mkononi, akamwelekeza kilimani kwa kumsukuma kidogo tu kiunoni, akasimama mpaka alipomwona amepita duka la saruji na bado anapanda. Kisha akakunja gauni lake kwa mkono mmoja, akashuka bondeni mbio, akapita langoni pamoja na wa kwanza.