Nimesimama Mbele Yenu Nimeshiba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana anayewasalimu leo ameshiba. Najua tuko siku ya tatu ya mfungo. Mimi asubuhi hii nimekunywa chai ya maziwa, nimekula chapati mbili na mayai, na simwombi mtu msamaha!

Msinikasirikie. Nisikilizeni kwanza.

Mnanikumbuka nikiwa na miaka kumi na sita? Binti wa Afande wa magereza, tunakaa kota za askari hapa Jinja. Shuleni wasichana walinicheka mwili, nikaanza kuruka chakula. Baba akaniuliza mbona sili. Nikamjibu, nimefunga. Jamani, neno hilo! Nani atamlazimisha kula mtu aliyefunga? Baba akaniacha. Nanyi hapa mkanipigia makofi, mkaniita simba wa maombi, mkanipa kuongoza mfungo wa vijana kule Wanyange. Makofi yale niliyapenda. Lakini leo nasema ukweli: sikuwa naomba, nilikuwa naogopa sahani. Mungu nilimfanya kifuniko cha sufuria tupu.

Likizo baba akanipeleka Mbale kwa dada yake, Shangazi Nambozo, anayekaa mtaa wa Malukhu. Jumapili ya kwanza kanisani kwake, katikati ya maombi, nikaanguka. Watu wakashangilia, wakasema Roho amenishukia. Shangazi akapenya katikati yao, akanifunika leso yake, akapaza sauti: "Nyamazeni! Huyu mtoto hajashukiwa na kitu. Huyu ana njaa."

Ndugu zangu, nilimchukia! Aibu ile iliniuma kuliko vicheko vya shuleni. Alinipeleka hospitali, nikalazwa. Baadaye nikawa naenda kila wiki kwa mama mmoja mshauri, naongea, nalia, narudi. Nyumbani Shangazi ananipikia malewa, yale machipukizi ya mianzi kwenye mchuzi wa karanga, kisha anakaa mbele yangu mpaka nimalize. Siku moja nilirusha sahani ukutani. Akafuta ukuta, akapakua nyingine.

"Mimi sichoki," akasema. "Utachoka wewe."

Niliamini Mungu amenichukia kwa kumsingizia uongo wangu. Mpaka mchana mmoja, kijiko kiko mkononi, nikashukuru kwa chakula, kisha nikakila. Ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kweli kwa mwaka mzima! Nikalia, Shangazi naye akalia, malewa yakapoa mbele yetu.

Sikupona siku ile. Ilichukua miezi mingi, na hata sasa kuna asubuhi woga unarudi kubisha hodi. Lakini najivunia, ndugu zangu! Najivunia kila sahani niliyoimaliza huku naogopa. Bwana aliniokoa kwa mkono wa daktari, kwa masikio ya yule mshauri na kwa ukaidi wa shangazi yangu. Utukufu ni wake, na mashavu haya ni yangu!

Sasa nasema na wewe binti unayesifiwa kwa kufunga, na moyoni unajua sababu yako. Sitakutaja. Ibada ikiisha nitakuwa pale nje, kwenye benchi la mlangoni, na bakuli la malewa aliyonitumia Shangazi. Mtumaini Bwana, uje na woga wako hivyo hivyo. Nitakaa mbele yako, na mimi sichoki.