Badibanga Ngeleka na Siku Ishirini na Tano za Maji (1948–2024)

Ndugu, majirani, nanyi mliotoka mbali kutushika mukono, sikilizeni maisha ya ndugu yangu. Mimi dada yake mukubwa nilimubeba mugongoni.

Marehemu Badibanga Ngeleka alizaliwa hapa Kindu tarehe 3 Mei 1948, katika kambi ya reli. Baba yetu alitoka Kasai, akiwa fundi wa reli.

Alisoma shule ya musingi hapa, kisha ufundi wa mabomba huko Kalemie hadi 1967. Mwaka uliofuata reli ikamupa kazi ya maji, akaifanya miaka thelathini na tano.

Tarehe 17 Agosti 1974 alimuoa Emerance wa Lokandu. Mungu akawapa watoto watatu.

Vita ya 2002 ilipofunga barabara, mashamba ya nje hayakufikika, na kiangazi kikakausha bustani za mjini. Badibanga alichimba mabwawa matatu chini ya kambi. Maji machafu ya vyoo vya kambi yaliingia la kwanza, uchafu ukazama. Katika la pili jua likayapiga. Katika la tatu yakafungwa siku ishirini na tano. Hapo ndipo yalimwagiliwa lengalenga, yaani muchicha, kwenye shina, si kwenye majani. Watu walimucheka, wakamuita papa, yaani baba, wa vyoo. Yeye kila mavuno alikula wa kwanza, mbele yao.

Njaa ilipozidi, wamama walimuomba afungue siku ya kumi na mbili. Alikaa juu ya mulango wa bwawa kutwa nzima. Akawaambia, “Njaa munaijua. Kolera ikiingia, na barabara zimefungwa, nitawapeleka wapi?” Walimutukana. Hakushuka.

Vita iliisha, mabwawa yakabaki yakilisha watu. Kosa lake lilikuwa moja: hesabu ya siku aliiweka kichwani, hakuiandika popote.

Presha ilimuanza 2021. Tarehe 28 Julai mwaka huu ilimuangusha, ikamunyima sauti. Binti yake, ambaye jina lake ni Mimi, alimuuliza maji yamefika siku ya ngapi. Alionyesha vidole tisa. Kesho yake, vinne. Tarehe 2 Agosti alitutoka, na hakuna anayejua hesabu ya kweli.

Jana Aboubakar, mukubwa wa walimaji wa bustani hizo, alikuja hapa kwenye kilio, macho mekundu.

“Mama mukubwa, mboga inakufa. Tufungue bwawa tu.”

Binti Mimi akajibu kabla yangu. “Ikufe, Papa Aboubakar. Tutapanda tena.”

Aboubakar akakubali. Nami shangazi nilikubali pia, lakini sikulala. Familia ngapi zinakula pale?

Ameacha mujane wake Emerance, watoto Mimi, Mardochée na Francine, wajukuu kumi na mmoja, na mimi.

Lala pole, ndugu yangu, Mungu akupokee. Leo, tarehe 4 Agosti 2024, tunaanza hesabu upya, siku ya kwanza, na tumeiandika. Kabla ya tarehe 29, mutu asiguse maji.