Mama Saturnina na Majani Manne ya Koka

Baada ya miaka ishirini na sita kwenye meza ya mauzo ya nje ya ushirika wetu, Mama Saturnina Yujra anastaafu tarehe 31 Julai, na sisi wa ghala la kinoa tutapumua. Nasema kweli mbele ya Mungu: mama huyu ametuchosha.

Alipoanza, kinoa, nafaka yetu sisi Waaymara wa milimani, ilichukuliwa na madalali wa mpakani kwa bei ya kutupa. Aliandika barua kumi na saba hadi mnunuzi mmoja wa Hamburg akajibu. Mwaka 2006 tukapakia kontena la kwanza: mavuno yote ya familia arobaini na mbili.

Likazuiwa bandarini kule. Ndani ya gunia moja walikuta majani manne ya koka. Kwetu ni baraka ya safari. Kwao ni dawa za kulevya. Wiki tisa watu walikula viazi vikavu vitupu, mnunuzi akitishia kuvunja mkataba. Mama alipanda basi la La Paz mara sita, akagandana na madirisha ya ofisi za serikali mpaka kontena likaachiwa.

Tangu hapo, jamani! Magunia tuyafungue, tuchekeche, tufunge, kisha huyo anarudi: "Fungueni tena, baba zangu."

Siku moja Mzee Casiano, mwenzetu wa ghalani, akamuuliza, "Mama, unatafuta koka au unatafuta mume?"

"Mume nikimpata namchekecha pia. Fungua!"

Kubariki hakukataza. Baraka alizihamishia nje ya geti: koka, pombe na karatasi za rangi, vyote kwenye magurudumu ya lori. Tulinung'unika sana. Lakini makontena themanini na tisa yameondoka, na hakuna lililozuiwa tena.

Kila mkutano mkuu aliuliza, "Yale majani manne aliweka nani? Sitamfokea." Sote tuliangalia viatu.

Basi nifokee, mama. Ni mimi, Fermín wa ghala. Nilisali, nikachagua majani mazima, nikayatia guniani, maana niliogopa jasho letu lisije likapotelea baharini. Ndiyo sababu nilinung'unika kuliko wote: kila gunia lililofunguliwa lilinisuta.

Asante kwa kuzilinda familia zetu, hata dhidi ya sala zangu. Mungu akupe afya na asubuhi zisizo na fomu. Lori linatoka siku hiyohiyo ya tarehe 31. Njoo getini, majani manne nimekuwekea, uyaweke wewe kwenye gurudumu.